Mgeni Aliyejivika Uzawa ili Autetee Msitu

Nyuma ya mji wa Moba ardhi inapanda. Ukiacha bandari na mitumbwi ya wavuvi wa migebuka, ukapita kilima cha Kirungu ambako Mapadri Weupe walijenga misheni yao, unaendelea kupanda mpaka kwenye uwanda wa juu wa Marungu, nchi ya nyasi na upepo wa baridi inayofika karibu mita 2,460 juu ya usawa wa bahari. Miti huko imebaki zaidi kandokando ya vijito. Ni mistari myembamba ya msitu inayofuata maji, na ndani yake anaishi ndege mmoja mdogo wa jamii ya chozi ambaye hapatikani mahali pengine popote duniani. Wataalamu walimpa jina la Alexandre Prigogine, mtaalamu wa madini aliyekusanya ndege wa Kongo kwa miaka mingi. Mto Mulobozi unaikata nchi hiyo katikati kabla ya kushuka kuingia Ziwa Tanganyika, kaskazini kidogo ya Moba.

Misitu hiyo ya vijito inakwisha. Ng'ombe wanaikanyaga, shoka linaikata, na moto wa kiangazi unamalizia. Kwa miaka mingi wahifadhi wamekuwa wakisema kwamba Marungu ipewe ulinzi wa kisheria, nami nakubaliana nao bila kusita. Lakini kila mjadala wa kulinda pori unapoanza upande wetu huu wa ziwa, jambo la kwanza kuulizwa halihusu ndege wala maji. Watu wanataka kujua anayesema ni nani, ametoka wapi, na amepewa na nani haki ya kusema kwa niaba ya mlima huu.

Moba inajua uzito wa swali hilo. Mwanzoni mwa Agosti 2007 ulivuma uvumi kwamba wakimbizi Wanyamulenge, Wakongomani wenye asili ya Kitutsi, wangeletwa kukalishwa huko. Watu waliingia mitaani kwa hasira, wakashambulia ofisi za Umoja wa Mataifa na za mashirika ya misaada, na waangalizi wa kijeshi wa Umoja wa Mataifa wakajeruhiwa. Haikuwa habari ya mazingira hata kidogo. Ilikuwa habari ya nani mzawa na nani mgeni, na ilitosha kuuwasha mji mzima kwa uvumi tu. Kwa hiyo anayekuja na ramani ya hifadhi mkononi anaingia mahali ambapo neno "mzawa" lina damu ndani yake.

Ndiyo maana nataka kusimulia habari ya mtu mmoja wa mbali, Mwingereza, aliyelitatua swali hilo kwa njia ya mkato: alijifanya mzawa. Akasikilizwa kuliko mzawa yeyote wa zama zake. Yaliyompata yeye, na hasa yaliyowapata wazawa wenyewe wakati dunia ikimshangilia, yanatuhusu sisi wa mkoa wa Tanganyika hapa Kongo kuliko tunavyoweza kudhani.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Archibald Stansfeld Belaney. Alizaliwa Septemba 1888 katika mji wa Hastings, pwani ya kusini ya Uingereza. Baba yake alikuwa mlevi aliyeitelekeza familia, na mtoto akalelewa na bibi yake pamoja na shangazi wawili wakali. Alikuwa mtoto mpweke. Alifuga nyoka nyumbani, akasoma kila kitabu alichokipata kuhusu wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini, na katika michezo yake alikuwa mmoja wao. Mwaka 1906, akiwa na miaka 17, alipanda meli kwenda Kanada.

Huko alifika Temagami, nchi ya maziwa na misitu katika jimbo la Ontario, ambako waliishi Waojibwe, wenyeji wa asili wa huko. Walimpokea. Wakamfundisha kupiga kasia, kutembea juu ya theluji, kutega wanyama, kusoma nyayo na kuzungumza lugha yao. Mwaka 1910 alimwoa binti wa jamii hiyo, Angele Egwuna, katika kisiwa cha Bear Island, wakapata mtoto wa kike. Kisha akawaacha. Haikuwa mara ya mwisho: katika maisha yake aliacha wake na watoto zaidi ya mara moja, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akiwa amejeruhiwa mguu na kurudishwa Uingereza, alifunga ndoa nyingine huku ile ya Angele ikiwa haijavunjwa. Nayataja haya kwa sababu wanaomsifu huyapita haraka, na wanaolipa gharama ya mashujaa wa namna hii mara nyingi ni wanawake wa wenyeji.

Polepole akaibadili historia yake. Aliwaambia watu kwamba alizaliwa Meksiko, baba Mskoti na mama wa kabila la Waapache. Alipaka nywele zake rangi nyeusi, akaisugua ngozi yake kwa hina iwe ya kahawia, akajizoeza mbele ya kioo ule uso mkavu ambao Wazungu walitarajia kuuona kwa mwenyeji wa asili. Akasuka nywele mikia miwili, akavaa ngozi ya paa. Alipoanza kuandika akatumia jina la Grey Owl, na kwa jina hilo dunia ikamjua.

Kabla ya kuwa mtetezi wa wanyama alikuwa muuaji wao. Kazi yake ilikuwa kutega biva. Msomaji ambaye hajamwona mnyama huyo amfikirie panya mkubwa wa majini wa nchi za baridi, mwenye mkia bapa na meno ya kuangushia miti, ambaye hujenga mabwawa kwa magogo na matope. Bwawa la biva hugeuka kuwa ziwa dogo, na katika ziwa hilo huja samaki, bata, vyura na paa wakubwa wa kaskazini. Akiondoka biva, bwawa linabomoka na vyote hivyo vinaondoka naye. Biashara ya ngozi yake ndiyo iliyowavuta Wazungu kuingia ndani ya Kanada, na kufikia miaka ya 1920 biva alikuwa amemalizwa katika sehemu kubwa ya nchi.

Aliyembadili mtegaji huyu alikuwa mwanamke. Mwaka 1925 alikutana na Gertrude Bernard, binti wa Wamohawk kutoka mji mdogo wa Mattawa, baadaye akajulikana kama Anahareo. Alikuwa na umri wa miaka 19 hivi. Alimfuata mumewe kwenye mstari wa mitego na akaona yale ambayo wanunuzi wa makoti ya manyoya hawayaoni: mnyama aliyeganda kwenye chuma, mguu uliotafunwa na mwenyewe ili ajinasue. Hakunyamaza. Siku moja ya majira ya kuchipua mwaka 1928, Belaney alikuwa ametega nyumba ya mwisho ya biva aliyoijua, na mama alikuwa ameshakamatwa. Kesho yake wakasikia sauti majini. Vitoto viwili vilikuwa vikiogelea vikilia, na vilio vyake havikuwa mbali na vya watoto wachanga wa binadamu. Mwanaume aliona fedha ya ngozi mbili. Mwanamke akamsihi waviokoe, kama malipo ya yale waliyoyafanya. Wakavitia ndani ya mtumbwi.

Kulisha ndiyo ilikuwa shida. Walichovya kijiti chembamba katika kopo la maziwa, wakakitia kinywani mwa kitoto, kikafumba taya, wakavuta kijiti polepole mpaka maziwa yakabaki ndani. Wakarudia hivyo mpaka vikashiba. Usiku vililala shingoni mwa walezi wao. Belaney hakuweza tena kuua biva.

Hapo ndipo panapostahili kutazamwa vizuri. Wazo lililompa umaarufu, kwamba biva ana haki ya kuishi na kwamba nchi bila yeye ni nchi iliyokufa, lilianzia kwa mwanamke wa kweli wa wenyeji wa asili. Lakini miaka yote ya kushangiliwa, ukumbini alisimama mume. Anahareo aliishi mpaka mwaka 1986, akaandika vitabu vyake mwenyewe, na nchi yake ilimtunuku nishani ya heshima mwaka 1983, alipokuwa tayari kikongwe.

Umaarufu wenyewe ulikuja kwa kasi. Makala yake ya kwanza ilichapishwa Uingereza mwaka 1929. Idara ya hifadhi za taifa ya Kanada ilimpiga filamu akiwa na biva wake, kisha mwaka 1931 ikamwajiri, kwanza katika hifadhi ya Riding Mountain huko Manitoba na baada ya miezi michache katika hifadhi ya Prince Albert huko Saskatchewan. Kando ya ziwa Ajawaan alijengewa kibanda cha magogo ambacho biva waliingia na kutoka wapendavyo, na nyumba yao ikajengwa nusu ndani ya chumba chake. Wageni walifunga safari kwenda kumwona. Vitabu vyake viliuzwa kwa wingi. Katika ziara yake ya kwanza Uingereza, mwaka 1935 na 1936, alitoa mihadhara zaidi ya 200 mbele ya watu wanaokadiriwa kufika robo milioni. Katika ukumbi mmoja wa mji wa Leicester walikaa ndugu wawili watoto, David na Richard Attenborough. Yule mdogo, David, ndiye aliyekuja kuwa sauti inayojulikana kuliko zote katika filamu za wanyamapori. Richard aliongoza filamu ya maisha ya Grey Owl mwaka 1999. Desemba 1937 Grey Owl alizungumza katika kasri la Buckingham mbele ya Mfalme George VI na mabinti zake, Elizabeth na Margaret.

Alikuwa anaamini anachokisema, na kwa hilo lazima apewe haki yake. BBC ilipomkaribisha kuwaaga watoto redioni, alitaka kuwaomba waahidi kutoshiriki kamwe katika uwindaji wa kufurahisha nafsi, kama ule wa mbweha uliopendwa na matajiri wa Kiingereza. Wakamwambia aliondoe neno hilo. Akakataa, na kipindi kikafutwa.

Tarehe 13 Aprili 1938 alifariki hospitalini Prince Albert, akiwa na miaka 49, amechoshwa na safari na pombe. Siku hiyohiyo gazeti la North Bay Nugget la Ontario lilichapisha habari ambayo lilikuwa limeikalia kwa takriban miaka mitatu: Grey Owl hakuwa mwenyeji wa asili. Walikuwa wamezungumza na Angele Egwuna, mke wake wa kwanza, ambaye siku zote alijua. Waojibwe waliomlea walijua pia. Karibu hakuna aliyewauliza, na wachache waliowauliza walinyamaza. Magazeti ya London yalipigwa na butwaa. Mchapishaji wake, Lovat Dickson, alijaribu kumtetea, lakini ushahidi wa Hastings ulikuwa wazi, na shangazi wawili walikuwa bado hai.

Tangu wakati huo watu wamekuwa wakibishana kama uongo wake ulisamehewa na kazi yake. Wapo wanaosema biva walirudi Kanada, watoto wakajifunza kupenda wanyama, basi yaishe. Naielewa hoja hiyo. Lakini inauliza juu ya biva na wasomaji peke yao. Inamsahau mtu wa tatu.

Waojibwe wa Temagami, walimu wake, walikuwa hawana hata kipande cha ardhi kinachotambuliwa na serikali kuwa chao. Bear Island, kisiwa alichofungia ndoa, hakikufanywa eneo lao rasmi mpaka mwaka 1971. Na kule Riding Mountain, hifadhi ile ile iliyompa Grey Owl kazi yake ya kwanza ya serikali, kulikuwa na Waojibwe wa jamii ya Keeseekoowenin. Walikuwa na ardhi yao ya kuvulia samaki kando ya ziwa Clear Lake, waliyotengewa rasmi mwaka 1896. Mwaka 1936 waliondolewa ili hifadhi ibaki bila watu, na nyumba zao zikachomwa moto. Sehemu ya ardhi hiyo ilirudishwa miaka ya 1990.

Msomaji, ziweke tarehe hizo pamoja. Mwaka 1936 kumbi za Uingereza zilikuwa zimejaa watu wanaomsikiliza mwanaume aliyevaa manyoya ya tai kichwani akiwaeleza jinsi wenyeji wa asili wanavyoupenda msitu. Mwaka huohuo serikali iliyokuwa ikimlipa mshahara ilikuwa ikichoma nyumba za wenyeji wa asili kwa jina la msitu. Dunia ilipenda vazi lao na haikuwa na nafasi ya wao wenyewe.

Jambo hilo lilijirudia. Mwaka 1971 televisheni za Marekani zilionyesha tangazo la kupinga utupaji taka ambamo mwenyeji wa asili anatiririkwa na chozi. Mwigizaji alijiita Iron Eyes Cody, na maisha yake yote alidai kuwa mwenyeji wa asili. Wazazi wake walikuwa wahamiaji wa Kiitalia huko Louisiana. Shirika lililotoa tangazo liliungwa mkono na kampuni za vinywaji na vifungashio, wenye chupa na makopo yaliyojaa barabarani. Mwaka 2023 haki za tangazo hilo zilikabidhiwa kwa baraza la kitaifa la wenyeji wa asili wa Marekani, nalo likaamua kulistaafisha.

Sasa turudi ziwani. Katika eneo la Moba historia ya wageni na wenyeji imeandikwa kwa wino mzito. Luteni Mbelgiji Émile Storms alijenga kituo Mpala mwaka 1883. Desemba 1884 watu wake walimshambulia chifu Lusinga wa Watabwa, wakamkata kichwa. Fuvu lilisafirishwa hadi Ubelgiji. Sanamu ya mababu wa Lusinga, kazi ya mikono ya mafundi wa Kitabwa, ilichukuliwa pia, na leo ni miongoni mwa vitu mashuhuri vya jumba la makumbusho la Tervuren. Watu wanasimama mbele yake na kustaajabia ustadi wake.

Baada ya Storms alikuja mgeni wa aina nyingine, Kapteni Léopold Joubert, Mfaransa aliyewahi kuwa askari wa Papa. Alifika Mpala mwaka 1887 kuwalinda wamisionari na vijiji dhidi ya wafanyabiashara wa watumwa. Alimwoa mwanamke wa huku, Agnes, akapewa uraia wa Dola Huru la Kongo, akalea watoto wake huku, na akafia karibu na Moba mwaka 1927. Hakurudi kwao. Hata hivyo hakuwahi kusema kwamba mama yake alikuwa Mtabwa. Hakuwa na haja, ni kweli, maana alikuwa na bunduki na misheni nyuma yake, na nguvu hizo zina lawama zake. Lakini kila aliyeshughulika naye alijua anashughulika na nani.

Na wapo wenyeji waliosema wenyewe. Stefano Kaoze, mtoto wa nchi hii ya Marungu na Mpala, alipewa upadri Baudouinville, ambayo ndiyo Moba ya leo, Julai 1917, akawa padri Mkongomani wa kwanza wa zama hizi. Kabla hata ya hapo, mwaka 1910 na 1911, maandishi yake kuhusu fikra na maisha ya watu wake yalichapishwa katika jarida la Ubelgiji. Hakuhitaji Mbelgiji ajipake masizi ili aseme kwa niaba yake. Ni miaka zaidi ya mia moja sasa tangu Moba ithibitishe kwamba mwenyeji akipewa kalamu na nafasi, anasema.

Watwa, watu wa msitu wa mkoa wetu, hawajapewa nafasi hiyo. Wapo Kalemie, Nyunzu, Manono, Kabalo na hata Moba. Wanaujua msitu kwa miguu yao, asali yake, dawa zake, njia za wanyama wake. Mivutano kati yao na majirani zao Wabantu juu ya ardhi, dharau na unyonyaji ililipuka kuwa vita tangu mwaka 2013, ikapamba moto 2016 na 2017, vijiji vikateketea na maelfu kwa maelfu wakakimbia, Watwa na Wabantu pia. Anayezungumza juu ya misitu ya Tanganyika bila kuigusa habari hiyo hajaanza kuzungumza.

Kaskazini mwetu, Kivu Kusini, yale ya Riding Mountain yalifanyika tena. Mbelgiji Adrien Deschryver aliwafikia ngagi wa Kahuzi akiongozwa na Watwa, mabingwa wa kufuata nyayo. Mwaka 1970 hifadhi ya taifa ya Kahuzi-Biega ikaanzishwa, mwaka 1975 ikapanuliwa, na Watwa wakafukuzwa bila ardhi nyingine na bila fidia ya maana. Mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitangaza uamuzi wake kwamba nchi yetu ilivunja haki zao, na ikataka warudishiwe ardhi na waombwe radhi hadharani. Kenya nako Waogiek wa msitu wa Mau walishinda mbele ya Mahakama ya Afrika Mei 2017, na Juni 2022 mahakama hiyo ikaamuru walipwe fidia. Serikali ya Kenya ilikuwa imedai kwamba kuwaondoa ni kuuhifadhi msitu. Majaji walikataa hoja hiyo.

Najua jibu linalotolewa na serikali zetu: Waafrika sote ni wazawa, hakuna wa kupewa jina hilo peke yake. Moringe ole Parkipuny, aliyewahi kuwa mbunge wa Ngorongoro, alikabiliana na jibu hilo mapema. Mwaka 1989 alisimama Geneva, Mwafrika wa kwanza kuhutubia kikao cha Umoja wa Mataifa cha watu wa asili, akasema Wamasai na Wahadzabe wana shida zilezile walizo nazo wenyeji wa Amerika na Australia: ardhi yao inachukuliwa na maisha yao yanadharauliwa. Alichukua jina ambalo kabla ya hapo halikuwa likitumika kwa watu wake, na alilichukua kwa haki, kwa sababu alilichukua pamoja nao, akitokea kwao, na wangeweza kumuuliza aliporudi. Grey Owl hakuwa na wa kumuuliza. Alilitumia jina la watu ambao hawakumtuma, na wao hawakuwa na njia ya kumsahihisha katika kumbi za London.

Hatari hiyo haikuisha na hina ya Belaney. Siku hizi hakuna anayehitaji kusuka nywele. Inatosha picha ya Mtwa kwenye jalada la ripoti, ngoma yao kwenye ufunguzi wa semina, na maneno "jamii za asili" katika kila ukurasa wa ombi la fedha, wakati katika chumba ambamo mipaka inachorwa hakuna Mtwa hata mmoja. Huo ni uongo uleule wa mwaka 1936, na unafaa kuitwa kwa jina lake.

Mkoa wetu una mfano bora zaidi karibu. Kaskazini ya Kalemie ipo misitu ya Kabobo, yenye sokwe mtu na mbega wa aina isiyopatikana kwingine. Utafiti wa mwaka 2007 pekee ulikuta huko wanyama sita ambao sayansi ilikuwa haiwajui, miongoni mwao popo, panya, virukanjia na vyura. Ilichukua karibu miaka kumi kuanzia hapo hadi Hifadhi ya Asili ya Kabobo ilipotangazwa Desemba 2016, ikiwa na karibu kilomita za mraba 1,500. Muda mwingi ulikwenda kwenye mazungumzo ya mipaka na vijiji, Watwa wakiwemo. Wenye haraka waliona ni kupoteza wakati. Mimi naona huo ndio ulikuwa uhifadhi wenyewe, kwa sababu mpaka ambao watu wameuchora pamoja wana sababu ya kuulinda hata mlinzi asipokuwepo.

Na sasa tuna sheria. Tarehe 15 Julai 2022 ilitiwa saini sheria namba 22/030 ya kulinda na kuendeleza haki za Watwa na ndugu zao wa misitu ya Kongo yote. Inatambua haki yao juu ya ardhi na maliasili wanazozitumia tangu enzi za mababu. Kuna pia amri ya Agosti 2014 inayoruhusu jamii kumiliki msitu wao kisheria, hadi hekta 50,000. Vyombo hivyo viwili vinatosha kuanzia kazi Marungu.

Kwa hiyo ninao ujumbe kwa yeyote atakayepanda kwenda Marungu kwa nia njema, awe ametoka Moba, Kinshasa, Nairobi au Brussels. Nenda kwa jina lako. Sema umetoka wapi, nani anakulipa, na unataka nini. Mgeni anayeupenda mlima huu ana haki ya kuutetea, na hakuna mwenye akili atakayemzuia kwa sababu ya alikozaliwa. Lakini kabla ramani haijachorwa, keti na machifu wa Watabwa, wafugaji na Watwa, uwasikie kwa lugha yao, na maamuzi yaandikwe mbele yao na nakala ibaki mikononi mwao. Wajumbe wa bunge la mkoa huko Kalemie waulizwe sheria ya 2022 imefikia wapi katika eneo la Moba. Iwapo wewe msomaji ni wa Moba, waulize wewe.